Sanamu ya mwili ya plastiki, elfu 85 hapa Moshi: ini limekaa poa, ila mishipa iko wapi?

Nina katuisheni kangu ka baiolojia pale Majengo, vijana kumi na wawili wa kidato cha pili, nikachoka kuchora moyo ubaoni unatoka kama embe dodo. Nikaingia duka moja la vifaa vya shule si mbali na stendi nikakuta sanamu ya kiwiliwili, kifua na tumbo vinafunguka, viungo vinachomoka kimoja kimoja. Jamaa alianzia laki na ishirini, tukavutana mpaka elfu 85, akanihakikishia "mwalimu hii hata ikidondoka haina shida". Haya.

Kwa muonekano hainidai. Ini liko kulia chini ya mbavu, pafu la kushoto ni dogo kuliko la kulia maana moyo umeminya nafasi yake, na ukitoa tumbo unalikuta kongosho limejificha nyuma, siku ya kwanza vijana walipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akaja kuchungulia.

Shida yangu ni kwamba kila kiungo kinatoka peke yake, safi, hakuna mshipa hata mmoja unaokifuata. Kijana anachomoa ini analiweka mezani anaona ni kitu kinachojitegemea, wakati damu nyingi inayoingia kwenye ini inatokea utumbo, yaani ukipiga mtori wako asubuhi pale Mbuyuni ile sukari ikishanyonywa haiendi moyoni moja kwa moja, inapita kwanza kwa ini, ini linabakiza nyingine kama akiba, na anayeliambia liweke akiba ni kongosho kwa insulini yake.

Figo ndo wamenikera kabisa, zimegundishwa nyuma hazitoki. Moyo ukiwa umetulia unasukuma kama lita 5 kwa dakika na karibu moja ya tano yake inakwenda figo, kwa siku zinachuja kama lita 180 halafu karibu yote inarudishwa kwenye damu, mkojo unabaki lita moja na nusu hivi. Presha ikishuka sana figo zinakwama, zenyewe zikiharibika presha inapanda na moyo unaumia. Sasa kuna kijana baba yake ni mgumu, anabeba mizigo ya wageni mlimani, akaniuliza mtu akikaa kule juu siku nyingi mwili unazoeaje. Sanamu haikunisaidia chochote, nikarudi kwenye chaki: siku za mwanzo ni mapafu na moyo ndo vinakimbizana, huku figo zikihisi oksijeni imepungua zinatoa homoni inayokwenda mpaka kwenye uboho wa mifupa, uboho unaongeza chembe nyekundu za damu, na hiyo si kazi ya usiku mmoja. Mifupa ya sanamu yenyewe ni rangi tu imepakwa.

Na wiki ya pili ikadondoka, kipini cha moyo kikakatika, nimeushikiza na selotepu.

Nilichofanya, nimenunua uzi mwekundu na wa bluu, buku mbili tu, nikafunga viungo vyote kimoja kwa kingine. Sasa ukivuta ini utumbo unakuja nao, ukizidisha moyo unabanduka, na vijana hawataki tena niufungue. Nyota 3, moja ni ya uzi.