Rauta imenifaa, lakini duka nilikoinunua silisamehi

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza.

Nimepanga chumba Migosi, Kisumu, kwenye nyumba kubwa ya mama mmoja anayeishi humo humo na sisi wapangaji wanne. Yeye ndiye analipia intaneti, sisi tunachanga mwisho wa mwezi pamoja na kodi. Rauta ya nyumba, kile kifaa cha kugawa intaneti, iko sebuleni juu ya kabati la vyombo, nami nalala chumba cha mwisho kabisa, nyuma ya jikoni. Kuta ni za mawe. Nikifunga mlango, Wi-Fi inabaki na mstari mmoja. Riziki yangu ni kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuiandika neno kwa neno, na faili ikikatika katikati naipakua upya tangu mwanzo.

Mama alinikubalia ninunue rauta yangu ndogo, ishike Wi-Fi ya sebuleni bila waya, halafu itoe mtandao wangu wa chumbani wenye jina langu na paswadi yangu. Simu, kompyuta na printa zingeujua mtandao huo mmoja tu. Siku mama akibadilisha paswadi ya nyumba, mimi nabadilisha mahali pamoja, basi.

Nikaenda duka moja Oginga Odinga Street. Nilikuwa na swali moja, nikalisema polepole: hii inaweza kushika Wi-Fi nyingine hewani na kutoa yake? Kijana wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu. "Madam, rauta ni rauta." Nikalipa shilingi 3,200.

Nyumbani nikafungua ukurasa wa mipangilio, nikachagua hali ya WISP, ambayo ndiyo hasa ya kupokea intaneti ya rauta nyingine bila waya, nikaweka paswadi ya nyumba. Ikasema imeunganishwa. Simu yangu nayo ikaonyesha imeshika. Intaneti hakuna. Nikazima, nikawasha, nikarudia tena na tena mpaka stima ikapotea mtaa mzima.

Siku iliyofuata, au ile ya pili yake, nilirudi dukani. Kulikuwa na watu wamesubiri. Yule kijana alinisikiliza nusu, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Mbona unanunua kitu hujui kutumia? Si ungekuja na mzee wako?" Wawili wakacheka. Mimi ni mtu mzima, nimetoa pesa yangu, nimeuliza swali la biashara, na hilo ndilo jibu. Nimelirudia kichwani kila siku tangu hapo. Kisha akanyoosha mkono: "Leta elfu moja nikuwekee." Nilikuwa na kazi ya kupeleka usiku huo, nikatoa. Akaiunganisha na Wi-Fi ya duka, video ikacheza mara moja. "Unaona? Shida ni wewe."

Nikapanda tuktuk, nikafika, nikaweka jina na paswadi ya nyumba. Kimya. Nikampigia. "Basi tumia waya. Toa kwa ile ya nyumba, ingiza kwa yako." Tundu lipi? "Lolote. Yote si ni matundu?"

Yote si sawa, na yeye anauza vitu hivi kila siku. Tundu la WAN ndilo la kupokelea intaneti. Yale mengine yaliyopangwa pamoja ni LAN, ya kugawia. Mimi wakati huo sikujua, nikavuta waya ukumbini nikauingiza kwenye mojawapo ya yale ya kugawia. Dakika chache tu nyumba nzima ikakosa intaneti. Runinga ya mama iliganda katikati ya habari. Kijana wa chuo anayekaa chumba cha pili alikuwa anatuma kazi yake, na mwisho wa kupokea ulikuwa saa sita usiku.

Mama alikuja mlangoni kwangu na leso yake begani. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, nilikukubalia ujiunge nasi. Sikukukubalia utuzimie nyumba." Afadhali angefoka.

Nikachomoa waya. Halafu nikazichukua rauta zote mbili, nikazipindua juu ya meza, nikasoma vibandiko vya chini, pale palipoandikwa anwani ambayo kila rauta inajulikana nayo kwenye mtandao. Ya nyumba: 192.168.1.1. Yangu: 192.168.1.1. Namba ile ile! Ni kama nyumba mbili za mtaa mmoja kupewa namba moja ya mlango. Rauta yangu ilipopewa ujumbe wa kupeleka kwa ile ya sebuleni, ilijiona yenyewe ndiyo inayotafutwa. Na nilipoichomeka kwa waya, zote mbili zikawa zinawagawia watu anwani, na vifaa vya nyumba vikakimbilia kwangu ambako hakuna kitu. Dukani ilikubali kwa sababu Wi-Fi ya pale haikutumia namba hizo. Kumbe ningeweza kulipa elfu moja mara kumi na isingesaidia.

Nikabadilisha yangu ikawa 192.168.10.1. Ikajiwasha upya, nikaiunganisha tena bila waya, intaneti ikaja. Namba moja tu! Nilikaa kitandani nikatetemeka kwa hasira na furaha pamoja.

Nilikuwa nimeamua kuipa rauta hii nyota moja. Sasa siwezi kuwa mwongo: tangu siku hiyo faili hazijakatika, hata mvua kubwa ya jioni inapopiga mabati. Kasi ni karibu nusu ya ile ya sebuleni, kwa kuwa redio moja ndani yake, ile ya kunasa na kurusha Wi-Fi, ndiyo inapokea na kutoa kwa zamu. Kwa sauti na maandishi inanitosha kabisa. Nyota tano basi. Lakini hapana, ziko rauta zinazogundua zenyewe kwamba namba zimegongana zikahama, hii haihami, na karatasi yake haina hata mstari mmoja wa kumwonya mtu. Nne. Nikikumbuka usiku ule, tatu.

Duka siliwekei nyota. Nilirudi kudai elfu moja yangu na kumwonyesha vibandiko kwenye picha, akaniambia huduma ikishatolewa pesa hairudi. Huduma gani?

Kijana wa chuo nilimpelekea bando usiku ule ule, saa tano na nusu, atumie simu yake. Kazi yake haikuwahi. Tunakutana jikoni asubuhi, na mpaka leo salamu yangu haitikii.