Ramani ya Global Fishing Watch: inaona mengi, si yote

Kwa anayefuatilia uvuvi nje ya maili 200 za bahari kutoka pwani, ramani hii ya bure, iliyozinduliwa mwaka 2016, ni pa kuanzia. Ivute hadi Saya de Malha, kati ya Shelisheli na Morisi, ambako nyasi bahari huota chini ya maji yasiyo ya nchi yoyote. Washa tabaka la AIS (mfumo ambao meli hutangaza kwa redio mahali ilipo), chagua miezi mitatu: vidoa vinavyong'aa ni saa za uvuvi. Saa za makadirio, lakini. Programu hukisia kwa mwendo na mizunguko ya chombo, na data huchelewa kama siku tatu.

Tamu zaidi ni tabaka la kukutana. Meli mbili zikikaribiana ndani ya mita 500 kwa saa 2 au zaidi, zikienda chini ya maili 2 za bahari kwa saa, huenda zinahamishiana samaki. Au mafuta tu.

Nahodha akizima AIS, anatoweka. Rada ya setilaiti ingemfichua, ila picha zake nyingi ni za karibu na pwani. Tabaka la taa za usiku hufika bahari kuu, lakini hunasa zaidi wavuvi wa ngisi wenye taa kali. Meli ya mishipi mirefu ya jodari hupita gizani.