Sea-Doo Spark iliyotumika, Florida: mwaka wa kwanza wa karatasi, chumvi na maegesho

Nimezaliwa Likoni, ng'ambo ya feri. Utotoni, tukipelekwa pwani ya Nyali siku za Idi, tulikuwa tunakaa mchangani tukiwatazama wageni wa hoteli wakipanda jeti ski, na kaka zangu wakihesabu dakika zao kwa sauti. Sasa naishi St. Petersburg, Florida, nafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na mwezi wa Aprili 2025 nilinunua yangu: Sea-Doo Spark ya mwaka 2017, ya watu watatu, injini ya nguvu za farasi 90, pamoja na trela yake, dola 5,500. Tangu nitume picha nyumbani naulizwa bei tu. Hakuna anayeuliza kilichonila pesa baadaye, na hicho ndicho ninachotaka kukieleza vizuri, kwa sababu nawajua ndugu wawili hapa Florida wanaotaka kununua msimu huu.

Kwanza chombo chenyewe. Spark ilitoka kama toleo la 2014, na Sea-Doo walipoitoa bei ya chini kabisa ilikuwa dola 4,999 ikiwa mpya, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa jeti ski mpya. Waliishusha bei kwa kupunguza uzito: bodi ni ya plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kioo, wanaiita Polytec, na chombo kizima hakifiki kilo 200. Mimi na mume wangu tunaisukuma juu ya trela wenyewe. Injini ni Rotax 900 ACE, silinda tatu, na haina supachaja, yaani kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini ili iongeze nguvu. Kwenu mnaonunua iliyotumika hilo ni jambo kubwa, maana baadhi ya zile jeti ski kubwa zenye supachaja hudai matengenezo ya pesa nyingi injini ikishafanya kazi saa nyingi. Maji ya chumvi pia hayazunguki ndani ya injini. Kuna kipozeo chake kinachozunguka kimefungwa, kama cha gari. Chumvi hupita kwenye mfumo wa moshi na kwenye propela.

Nisiyoyapenda: kiti ni kigumu, sehemu ya kuwekea vitu ni ndogo mno, na lazima ulowe. Mkiwa watu wazima watatu inazama nyuma na kuchelewa kuinuka. Kwa watu wawili ni tamu sana.

Jambo moja nawasihi: tafuteni yenye iBR, yaani breki na rivasi. Spark za bei ya chini ziliuzwa bila hiyo. Isiyo na iBR ukiiwasha tu inaanza kwenda mbele, na ukiingia sehemu ya kushushia boti Jumamosi asubuhi, watu wamejaa na watoto wako majini, unataka kuweza kuisimamisha.

Kabla ya hii niliyonayo niliziacha mbili. Ya kwanza muuzaji aliniapia kwamba ilikuwa ndani ya gereji wakati wote wa kimbunga Helene. Helene ilipita Septemba 26, 2024, na bahari ikaingia majumbani sehemu nyingi za kaunti yetu ya Pinellas, kisha Milton ikaja Oktoba 9. Nikamwomba anifungulie kiti. Chini ya betri kulikuwa na tope laini lililokauka, kama lile linalobaki ndani ya sufuria ya dagaa, na kila skrubu imeshika kutu ya rangi moja. Nikamshukuru nikaondoka. Vyombo vilivyolala ndani ya maji ya vimbunga hivyo bado vinauzwa, kwa hiyo fungua kiti, ingiza mkono, pitisha vidole pembeni.

Ya pili ilikuwa nzuri kwa macho, lakini namba ya bodi haikulingana na ile ya kwenye hati. Namba hii ina tarakimu na herufi 12, imebandikwa nyuma kabisa, na kwa Sea-Doo za miaka hii huanza na YDV. Herufi moja ikipishana, usikubali maneno ya "ni makosa ya uchapaji tu". Hati ya umiliki hapa ni kama logibuku ya gari: bila hiyo umenunua plastiki. Angalia pia kama hati ina jina la benki. Likiwepo, deni la muuzaji bado limeikalia jeti ski yako.

Niliyoinunua ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu aliyekuwa na hati mkononi, safi, na risiti za oili za miaka mitano ndani ya bahasha. Tukaandikiana hati mbili za mauziano, moja ya chombo kwa dola 4,800 na moja ya trela kwa dola 700, kwa sababu ofisini ni vitu viwili tofauti. Mnunuzi ana siku 30 za kuisajili kwa jina lake.

Ofisi yenyewe ni ya mkusanya kodi wa kaunti, ileile unayokwenda kwa gari. Nilijiandaa kwa siku nzima ya kusukumwa dirisha hadi dirisha. Nikatoka baada ya dakika arobaini. Wanataka hati iliyosainiwa na muuzaji, fomu ya maombi, hati ya mauziano na kitambulisho chako. Hapo kinachouma ni kodi ya mauzo: jimbo linachukua asilimia 6, na Pinellas inaongeza asilimia 1 kwenye dola 5,000 za kwanza. Kwa hiyo dola 336 kwa chombo na dola 49 kwa trela. Kununua kwa mtu binafsi hakukuepushi nayo. Usajili, kwa upande mwingine, ulinishangaza kwa udogo wake. Chombo kisichofika futi 12 kinalipa jimbo dola 5.50 kwa miezi 12, na Spark ya watu watatu ina futi 10. Kaunti na ofisi zinaongeza vijisenti vyao juu yake. Bamba la trela lilinigharimu zaidi ya usajili wa jeti ski yenyewe. Trela iliyo chini ya pauni 2,000 haihitaji hati ya umiliki, lakini bamba lazima. Karatasi zote, ukiacha kodi, hazikupita dola 70, na usajili unaisha siku yako ya kuzaliwa, basi huwezi kuusahau.

Sasa namba. Unapewa namba inayoanza na FL, nawe unatakiwa uibandike pande zote mbili za mbele, herufi zisipungue inchi 3 kwa urefu na rangi yake ionekane vizuri juu ya bodi, na kile kibandiko cha mwaka kinakaa upande wa kushoto. Inaonekana kazi ya dakika tano. Lakini ile plastiki ya Spark haishiki gundi! Herufi za kwanza nilizonunua dukani zilibaki baharini siku ya pili, mbili upande wa kulia na moja kushoto. Tafuta zile zilizotengenezwa kwa bodi ya plastiki, futa sehemu kwa spiriti, ziache usiku mzima kabla ya kuingia majini. Zangu za pili ziko imara hadi leo.

Kuhusu kuendesha: Florida haina leseni ya jeti ski, ila aliyezaliwa Januari 1, 1988 au baada ya hapo lazima awe na kadi ya mafunzo ya usalama wa boti. Mimi ni wa 1986, sheria hainigusi. Baba Khalid ni wa Machi 1988, inamgusa. Tulifanya kozi ya mtandaoni sote wawili, na nashukuru, kwani mimi niliyekulia kando ya bahari sikujua hata nani ampishe nani vyombo vikikutana uso kwa uso. Kadi ni ya maisha. Mwanangu Khalid ana miaka 13, na umri wa chini wa kuendesha ni 14, kwa hiyo anakaa nyuma yangu. Amelalamika, nimemwambia hapana, na hapana hiyo haina mjadala.

Kila aliyepanda avae jaketi la kuokolea maisha, na lile la kujaza upepo halikubaliki kwenye jeti ski. Kamba ya kuzimia injini iwe imefungwa kwako, mkononi au kwenye jaketi. Uwe na mtungi wa kuzimia moto, nao usiwe umepita miaka 12 tangu utengenezwe, na kitu cha kutoa sauti, filimbi inatosha. Jua likishazama, nusu saa baadaye uwe umeshatoka majini. Vifaa hivi vyote vilinichukua dola 210, majaketi matatu yakiwemo. Tulisimamishwa na askari wa wanyamapori, ambao hapa hukagua boti pia, karibu na ufuko wa Pass-a-Grille mwezi wa Juni. Akaomba cheti cha usajili, ambacho lazima uwe nacho ukiwa majini, akaomba kadi ya mume wangu, akatazama mtungi, akatutakia siku njema. Nilikuwa nimeviweka vyote ndani ya mfuko usioingia maji.

Mahali pa kuwa makini zaidi ni kanda za nguva. Manati wa hapa si nguva wetu wa Lamu hasa, ni binamu yake, lakini ukimwona anavyopumua pua juu ya maji moyo unakwenda nyumbani. Wengi wana makovu ya propela mgongoni. Kanda hizo zina alama nyeupe zenye duara la rangi ya chungwa, na ukiandikiwa mwendo wa polepole maana yake chombo kikae chote ndani ya maji, kisiinue pua. Nyingine ni za msimu wa baridi tu, nyingine za mwaka mzima, basi soma kila alama, usiikariri moja ukadhani umezijua zote.

Tufike kwenye maumivu. Bima Florida si lazima kwa mtu binafsi, lakini mimi nimelipa dola 172 kwa mwaka, na sitaendesha bila hiyo kati ya waogeleaji. Kilichonila zaidi ni mahali pa kuiweka. Chama cha wenye nyumba cha mtaa wetu hakiruhusu trela kuonekana mbele ya nyumba, jambo ambalo nililijua kwa barua ya onyo wiki ya pili. Sasa naiweka uwanja wa kukodi, dola 75 kwa mwezi, dola 900 kwa mwaka. Soma kanuni za mtaa wako kabla hujamtafuta muuzaji.

Baada ya uwanja ni chumvi. Kila nikitoka majini naifungia mpira wa maji matamu: injini iwake kwanza ndipo maji yafunguliwe, na maji yafungwe kwanza ndipo injini izimwe, ukikosea maji yanarudi ndani. Isizidi dakika moja na nusu. Hilo nililifanya kwa bidii, nikaisahau trela. Mwezi wa Septemba beringi ya gurudumu la kushoto ilikufa kwenye barabara ya I-275, moshi unatoka, magari yanapita kwa kasi. Dola 130, na hofu ambayo sitaki tena. Sasa naosha magurudumu na kupiga grisi kila mwezi. Huduma ya mwaka ilikuwa dola 280 kwa fundi, betri 95. Tangi la lita 30 linanitosha asubuhi nzima nikienda kwa utaratibu, dola 28 hivi.

Ukiacha bei ya kununua na kodi, mwaka wa kwanza umenigharimu karibu dola 2,280, nami nimetoka mara 15. Ni kama dola 152 kila mara. Kukodi ufukweni nililipa dola 110 kwa saa moja, watu wawili. Anayetoka mara tatu au nne kwa mwaka akodi tu, asijitie kwenye trela na uwanja. Sisi tunakaa majini saa nne, tano, tunakwenda hadi kisiwa cha Egmont Key kutazama mnara wa taa, tunakula chapati na maharagwe tukiwa tumeelea.

Nimeipa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye kiti na vile vibandiko. Usajili nimeshauhuisha, kwa miaka miwili safari hii, na Khalid anatimiza 14 mwezi wa Oktoba. Kozi ameshaimaliza, cheti amekibandika mlangoni mwa chumba chake.