Baiskeli ya resi ya mtumba kwenye mlima wa Lushoto: gia kwanza, rangi baadaye

Nianze na alama, maana najua wengine mnasoma mistari miwili mnaondoka. Fremu naipa 8 kwa 10. Gia ilizokuja nazo, 2. Breki ilizokuja nazo, sifuri. Sifuri hiyo nimeiandika kwa hesabu, si kwa hasira. Hasira niliimalizia kwenye kona moja juu ya Mombo, peke yangu, mkono ukiwa umeungua.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, nakaa Korogwe, nina miaka 47 na kilo 84. Baiskeli nimeinunua Dar kwa Sh 680,000, mtumba kutoka Japani: fremu ya alumini, uma wa kaboni, gia za Shimano Sora kasi 9, tairi nyembamba za milimita 23. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja unacheka. Mimi nimekulia kwenye Phoenix ya baba, ile ambayo ukiiegemeza mtini mti ndio unaoyumba. Muuzaji aliniambia kila kitu kimeshafanyiwa sevisi, "ni kupanda na kwenda tu, mwalimu". Duka silitaji, na wala sidhani alikuwa na nia mbaya. Nadhani hajawahi kuuona mlima.

Korogwe hadi Mombo sina la kulalamika. Ni kama kilomita 40 za barabara kuu, mkonge huku na huku, na milima ya Usambara inakufuata upande wa kulia kama ukuta usio na mlango. Baiskeli inateleza. Tatizo la kipande kile ni malori na mabasi ya Arusha tu. Nenda alfajiri, shika ukingo wako, na ukisikia honi mbili nyuma yako usibishane.

Mlango wa ukuta upo Mombo. Unakata kulia, unayaacha mashamba ya mpunga, na barabara ya Lushoto inaanza kupanda ikifuata korongo la mto. Ni kilomita 33 za lami. Mombo ipo kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto kama 1,400. Ukigawanya, wastani ni asilimia 3 tu, na hapo ndipo hesabu ilipomdanganya mwenye hesabu. Wastani haupandi mlima. Kuna vipande barabara inalala ukajiona bingwa, halafu unakata kona yenye mwamba kushoto na shimo kulia, na mbele yako kuna ukuta wa lami.

Gia zangu mbele zilikuwa na meno 53 na 39, nyuma 11 hadi 25. Kwa wasiozoea: gia nyepesi kabisa hapo ni 39 kwa 25, yaani mzungusho mmoja wa pedeli unalizungusha gurudumu mara 1.56. Gurudumu likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.1. Kwa hiyo kila mzungusho unanidai mita 3.3. Nikipiga pedeli mara 60 kwa dakika, ambayo kwangu ni polepole ya heshima, baiskeli inataka niende karibu kilomita 12 kwa saa. Mimi mlima ule naenda 8. Hizo nne zinazobaki zinalipwa na magoti.

Safari ya kwanza magoti yalilipa hadi yakafilisika. Nilishuka kusukuma mara tatu. Mara ya tatu nikapitwa na vijana wawili wenye magunia ya mkaa, wanatembea kwa miguu na wanapiga soga.

Soni nilifika nikiwa sina sauti. Pale maporomoko yapo karibu kabisa na barabara. Mto unaangukia kwenye miamba, na ubaridi wake unakufikia kabla hujauona. Nikakaa kwa mama mmoja mtu mzima anayechoma mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka wapi na kijibaiskeli hicho?"

"Mombo."

Akageuza hindi, akanitazama tena. "Nauli uliipoteza?"

Kutoka Soni hadi Lushoto ni kipande kitamu, sitakisemea sana. Bonde linafunguka, kuna bustani za kabichi na karoti hadi ukingoni mwa barabara, mikaratusi, watoto wa shule wanaokimbia sambamba nawe wakikuhesabia. Jumla nilitumia saa 4 na dakika 10 toka Mombo.

Sasa kushuka. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na naapa walikuwa wanatoka Lushoto kwenda Mombo.

Breki zangu ni zile za kubana rimu. Kwenye mteremko mrefu ukizibana mfululizo kama nilivyofanya, joto lote linaingia kwenye rimu, na kutoka hapo linahamia kwenye tairi na tyubu. Chini ya Soni nikaanza kusikia mlio kama wa filimbi. Halafu hendeli ya kulia ikaanza kuja karibu na usukani kuliko kawaida. Kwenye kona moja kikaja kibasi kinapanda, kimepiga honi mapema kama wanavyofanya madereva wa kule, nami nikabana kwa nguvu zangu zote, na baiskeli ikapunguza mwendo kwa wakati wake, si kwa wakati wangu. Nilisimama kwenye changarawe. Nikaigusa rimu nijue ina hali gani. Msiiguse.

Fundi wangu wa Korogwe, ambaye siku nzima anaziba pancha za Phoenix, aliitoa mipira ya breki akaikwaruza kwa ukucha. "Mwalimu, hii ni kwato ya ng'ombe." Ilikuwa imekauka kwa miaka ikawa ngumu, inang'aa. Akahamia kwenye gia, akazungusha pedeli huku akihesabu meno kwa midomo. "Na hapa umefungiwa miguu ya mtu mwingine."

Basi tukafanya marekebisho. Vipuri vimekuja na basi kutoka Dar, na bei ni hizi: kaseti, yaani fungu la meno ya nyuma, ya 11 hadi 32, Sh 65,000. Pedeli na meno ya mbele 50 na 34, vya mtumba, Sh 110,000. Direla ya nyuma, kile kifaa kinachohamisha cheni kutoka jino hadi jino, ya mkono mrefu, Sh 70,000. Hii msiiruke, kwa sababu ile ya mkono mfupi haiwezi meno 32, mtakuja kuvunja kitu mlimani. Cheni mpya, Sh 35,000. Mipira ya breki, Sh 30,000. Waya, Sh 12,000. Fundi, Sh 25,000, na alifanya kazi hadi taa ya duka la jirani ikazimwa. Jumla Sh 347,000. Yaani baiskeli ya "kupanda na kwenda" imenigharimu Sh 1,027,000 kabla haijapanda wala kwenda. Mke wangu anaijua ile 680,000. Naomba ibaki hivyo.

Gia nyepesi sasa ni 34 kwa 32: mzungusho mmoja, mita 2.2 na ushee. Kwa mapigo yaleyale 60, ni kilomita 8 kwa saa. Spidi yangu halisi!

Nimerudi likizo ya Juni. Mombo hadi Lushoto saa 3 na dakika 5, chai ya Soni ikiwemo, sikusukuma hata mara moja. Sikuwa na nguvu zaidi, nimepungua kilo moja tu na nadhani ni mizani. Wakati wa kushuka nilibana na kuachia, mbele kidogo, nyuma kidogo, na nikasimama mara mbili rimu zipoe. Filimbi haikurudi. Juni ni baridi huko juu, ukungu unakaa hadi saa tatu, kwa hiyo chukua koti, la sivyo vidole vitagoma kubana breki hata zikiwa mpya. Masika siendi; matope na mawe hushuka barabarani, na tairi nyembamba haina msamaha.

Kasoro moja imebaki. Uma haupokei tairi pana kuliko 25, kwa hiyo ukiacha lami umeachwa. Nilitaka kufika Irente, kilomita chache tu toka mjini, kule ukingoni ambako unachungulia Mazinde na mashamba ya mkonge kama uko kwenye ndege. Njia ya vumbi ile nilitembea sehemu kubwa, baiskeli begani, watu wakinipa pole kama nimefiwa. Nilinunua mkate na jibini za shamba la Irente, nikala nikiitazama barabara ile ya Korogwe ikipita chini kama uzi. Mkate ule wenyewe unahitaji andiko lake.

Kama unanunua ya aina hii, hesabu meno kabla ya kuangalia rangi, na ipige mipira ya breki ukucha mbele ya muuzaji. Kaseti yangu ya zamani na meno ya mbele 53 na 39 bado ninavyo, vizima kabisa. Natafuta mtu wa Dar, anayekaa tambarare na asiyepanga kuhama.