Lipton's Seat, Haputale: panda na bajaji, shuka kwa miguu

Nianze na saa, maana ndiyo inayoamua kama utafurahi au utanuna. Ukifika Lipton's Seat saa nne asubuhi, kuna uwezekano mkubwa utalipa kiingilio uone ukungu tu. Kilele chenyewe kiko kama mita 1,970 juu ya usawa wa bahari, kwenye ukingo wa kusini wa nyanda za juu za Sri Lanka, na mbele yake mlima unaporomoka hadi kwenye tambarare ya joto. Jua likishakolea, hewa yenye unyevu hupanda kutoka huko chini, ikifika juu inapoa na kuwa wingu, na wingu hilo linakukuta umesimama na kamera mkononi. Wenyeji wa Haputale wanakuambia uwe juu kabla ya saa tatu. Mimi nasema uwe huko saa kumi na mbili, jua linapochomoza.

Nilikodi bajaji mjini kungali giza. Patana bei ya kwenda tu, usikubali ya kwenda na kurudi. Basi la wafanyakazi linalofika kiwanda cha chai cha Dambatenne ni rahisi mno, ila halitakuwahisha mawio, na kutoka kiwandani bado kuna kilomita saba hivi za kupanda. Beba sweta. Kwa mtu aliyetoka pwani ya Colombo, baridi ya alfajiri huku inashtua.

Juu pale nilikaa kimya muda mrefu. Kwanza unaona migongo ya milima tu, mmoja nyuma ya mwingine, halafu mwanga unaanza kushuka na mistari ya chai inajitokeza, mpaka chini kabisa unaona bwawa la Udawalawe liking'aa. Kuna sanamu ya Thomas Lipton ameketi, na watu hupanga foleni kupiga picha naye. Kuna pia kibanda cha chai na roti za moto, nami nilikula mbili na sambali ya pilipili iliyonitoa machozi. Nilishukuru kwa kila tonge.

Lipton alikuwa mfanyabiashara wa maduka ya vyakula kutoka Glasgow. Alikuja kisiwani 1890, wakati kutu ya majani ilikuwa imeshaangamiza kahawa na mashamba yanauzwa kwa bei ya kutupa. Akayanunua, akapanda kilele hiki kuyatazama, na kule Uingereza akawa anauza chai ya pakiti kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliimudu. Hadithi hiyo utaisikia kwa kila dereva.

Hadithi ya pili huisikii ukirudi na bajaji. Shuka kwa miguu. Barabara inapita katikati ya chai, kando ya shule, mahekalu madogo ya Kihindu yenye rangi kali, na nyumba za laini, yaani vyumba vilivyoungana kwa safu, wanamoishi wafanyakazi. Wengi ni Watamil ambao mababu zao waliletwa kutoka kusini mwa India karne ya 19 kufanya kazi za mashambani. Sheria ya 1948 iliwaacha wengi wao bila uraia wa nchi waliyozaliwa, na jambo hilo halikumalizwa mpaka sheria ya 2003. Nikiyatazama yale mashamba yalivyo nadhifu, nilikuwa nawaza hilo.

Kwenye kona moja nilisimama karibu na akina mama wanaochuma. Nikawaamkia "vanakkam", wakacheka, wakaniitikia. Mmoja alinionyesha anachokata: majani mawili na chipukizi, basi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu, kucha zimekwisha, na mikono yote miwili ilikuwa ikifanya kazi huku macho yake yakinitazama mimi. Kiganja kikijaa, anakirusha nyuma ya bega bila kugeuka, majani yanaingia kwenye mfuko unaoning'inia kutoka kichwani. Mteremko ule mimi nilikuwa naushuka kwa kushikilia vichaka. Kama unataka picha, omba kwanza, na ukiambiwa toa kitu kidogo, toa. Ni kazi yao umeisimamisha.

Ukifika chini, ingia kiwandani. Kilijengwa 1890, na harufu ya majani yanayonyaushwa inakupokea mlangoni. Sisi Afrika Mashariki tumezoea chai ya punje, inayokatwakatwa na mashine. Hapa majani hukunjwa na kusokotwa, yanaachwa yageuke rangi, ndipo yanakaushwa na kuchekechwa kwa madaraja. Ikionjwa bila maziwa, utaelewa kwa nini chai ya Uva, mkoa huu wa Haputale, ina jina, hasa ile inayochumwa Julai hadi Septemba pepo kavu zinapovuma.

Kwa mandhari, Januari hadi Machi ndiyo miezi yenye uhakika zaidi. Epuka Jumapili na siku za mwezi mpevu, ambazo ni sikukuu nchini humo: utapata mandhari lakini wachumaji wengi watakuwa wamepumzika. Kwa mawio peke yake ningetoa nyota nne, kwa sababu ukungu hauna ahadi. Kwa mawio pamoja na mteremko, natoa tano. Vaa viatu vinavyoshika, na basi la kurudi Haputale unalipandia hapohapo kiwandani.