Tahadhari: linia za "wati 300" na transista feki za redio, someni kabla hamjalipa

Wadau wa redio, kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na bodi za amplifaya za masafa ya redio, zile tunazoziita linia, pamoja na mifuko ya transista za kurushia. Simtaji jina kwa sababu jina halisaidii. Akaunti moja ikichafuka anafungua nyingine, ila picha ni zilezile na maneno ya tangazo hayabadiliki hata nukta. Mtambueni kwa tangazo lake.

Tangazo linasema hivi: linia ya wati 300, volti 12.5, megahezi 1.8 hadi 54, transista mbili za 2SC2879 "orijino kabisa", pawa saplai ya ampea 15 inatosha. Lisome tena ukiwa na kalamu mkononi. Volti 12.5 mara ampea 15 ni wati 187 na ushee. Huo ndio umeme wote unaoingia kwenye bodi, halafu upande wa antena zitoke 300? Hata amplifaya ya daraja B ya vitabuni, isiyopoteza chochote kwingine, haivuki asilimia 78.5 ya umeme iliyopewa. Linia halisi ya SSB (urushaji wa sauti kwa ukanda mmoja tu wa wimbi) ikifika asilimia 50 au 60 fundi wake anashukuru. Kwa ampea 15 basi tegemea wati 100 hivi, zilizobaki zinaishia kwenye kipoza joto.

Haya, tuseme amekosea kuandika ampea. Tuje kwenye transista zenyewe. Datashiti ya Toshiba (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji) inaipa 2SC2879 moja wati 100 za kilele kwa volti 12.5, na inaitaja kuwa ni ya megahezi 2 hadi 30. Mbili ni 200, tena kwa mkono wa fundi anayejua. Hiyo 54 kaitoa wapi? Na Toshiba waliacha kuzitengeneza zamani, kwa hiyo anayekuambia ana shehena mpya, za bei ya kutupa, idadi yoyote unayotaka, ameshakujibu swali ambalo hukumuuliza.

Lakini kilichonifanya niandike ni transfoma ya kutokea, kwa sababu inaonekana wazi kwenye picha yake mwenyewe na wengi tunaipita tu. Ni ile ya vipande vya feraiti vyenye mirija ya shaba ndani: mirija ni mzunguko mmoja, na waya wa kwenda kwenye antena umepita mizunguko minne. Moja kwa nne ya mizunguko ni moja kwa kumi na sita ya impidansi (ukinzani kwa umeme wa redio). Oms 50 za antena ukizigawa kwa 16, transista zinaona oms 3.125 kutoka kolekta (mguu wa kutolea nguvu) ya moja hadi kolekta ya nyingine. Transista mbili zinazopokezana zinaweza kutoa, kwa hesabu safi, mara mbili ya volti za saplai zikizidishwa zenyewe, ugawe kwa oms hizo. Kwa volti 12.5 jibu ni wati 100. Siyo takriban, ni 100 kamili, na hapo hatujaondoa volti zinazobaki kwenye transista ikijaa.

Atakwambia ukiisukuma zaidi inapanda. Ndiyo, inapanda, ila kwa kukatwa vichwa vya wimbi. Hata likikatwa mpaka liwe mraba kamili, nguvu ya masafa yako halisi inaongezeka mara 1.62 tu, yaani 162. Nyongeza nyingine zote ni hamoniki (mawimbi ya masafa mara mbili, mara tatu na kuendelea ya yako), na ile ya tatu peke yake inabeba moja ya tisa ya nguvu ya wimbi la msingi. Video yake ya kipima wati kinachogonga mwisho imetoka hapo: kipimo cha diodi hakichagui, kinajumlisha na takataka. Kutoa wati 300 kwa volti 12.5 kunahitaji oms 1 tu kwenye kolekta, maana yake waya upite kama mizunguko saba. Hesabu mizunguko kwenye picha. Ukiomba picha ya karibu ya transfoma na ya upande wa chini wa bodi, akakupa maneno badala ya picha, umeshamaliza kazi.

Sasa sikilizeni mtego wenyewe ulivyo, kwa sababu bodi mbovu ni nusu tu ya utapeli.

Bodi niliyoagiza kwake ilinifikia, nikaifunga kwenye mzigo bandia wa oms 50 badala ya antena, nikaipa draivu (nguvu ya kuingizia) ya wati 5. Kwa nini 5? Kwa sababu 2SC2879 ya kweli ina kuza isiyopungua desibeli 13 kwenye megahezi 28, ambayo ni mara 20, kwa hiyo wati 5 zinatosha kutoa 100. Kwenye megahezi 3.5 ilitoa kama 70. Nikapanda hadi 28, ikatoa chini ya 10. Mteremko wa namna hiyo ni alama ya transista ya kazi nyingine, ya masafa ya chini, iliyofutwa maandishi na kuchorwa upya. Nikamtumia vipimo. Jibu lake: "Draivu yako ndogo, ongeza." Nikamwambia siongezi, nataka kurudishiwa hela. Akasisitiza niongeze. Wengine waliomtii transista zikaungua, na hapo ndipo anapobadilika sauti: umeiunguza mwenyewe, dhamana imekwisha. Ushauri wa kuongeza draivu ndio mlango wake wa kutokea. Ukishaipokea, piga video ya vipimo kuanzia kufungua boksi, tumia saplai yenye kikomo cha ampea, na usipandishe draivu kupita ile ya datashiti hata akikuapia.

Mifuko ya RD16HHF1 anayouza ni rahisi zaidi kuibaini, na hapa huhitaji hata kuwasha kitu. RD16HHF1 ya Mitsubishi, wati 16 kwenye megahezi 30, ina mpangilio wa miguu usio wa kawaida. Ikitazama uso kwako na miguu chini, kutoka kushoto ni geti, sosi, dreni, na bamba la nyuma limeungana na sosi. IRF510 na jamaa zake za kuwashia na kuzimia, ambazo ndizo hufutwa na kupewa jina jipya, ni geti, dreni, sosi, na bamba ni dreni. Basi gusanisha miguu yote mitatu kwanza ili geti isibaki na chaji, weka multimita kwenye diodi, waya mwekundu kwenye bamba na mweusi kwenye mguu wa kulia. Ya kweli itakuonyesha diodi. Feki itanyamaza mpaka ugeuze waya. Za kwangu zilinyamaza mfuko mzima. Ukizilehemu hivyohivyo kwenye bodi iliyochorwa kwa ajili ya RD16HHF1, unakuwa umeunganisha dreni kwenye ardhi, na ukiwasha, umeme wa saplai unapita moja kwa moja kwenye diodi ya ndani.

Asetoni kwenye kitambaa inasaidia pia, maandishi ya feki nyingi hutoka, ila za siku hizi zinachorwa kwa leza kwa hiyo kutotoka si ushahidi wa uhalisi.

Siku za karibuni ameanza na transista kubwa za kurushia za aina ya LDMOS. Kuna picha ya BLF188XR yenye nembo ya Ampleon na tarehe ya kutengenezwa ya 2013. Ampleon ilianzishwa mwisho wa 2015, NXP ilipouza kitengo chake cha transista za nguvu ili iungane na Freescale. Aliyechora hakusoma historia. Kwa vifaa vya wati zaidi ya elfu moja, nunueni kwa wasambazaji walioorodheshwa na mtengenezaji, hata kama roho inauma.

Jambo moja la afya, tafadhali. Mkishagundua ni feki msizivunje wala kuzisaga mkitafuta kilichomo. 2SC2879 na transista nyingi za zamani za kauri hutumia oksidi ya beriliamu, vumbi lake likivutwa huharibu mapafu moja kwa moja, na huwezi kujua kwa macho kama gamba ulilonalo limetoka kwenye kifaa cha kweli kilichotumika.

Kwa wale ambao bodi wanazo tayari na hela haitarudi: kipoza joto, feraiti na plagi ni vitu vizuri, vitumieni. Ila msiifunge kwenye antena kama ilivyo, kwa sababu haina filta ya kuzuia hamoniki hata moja baada ya transfoma. Kurusha kwenye megahezi 7 bila filta ni kurusha na kwenye 21 pia, na anayelalamikiwa hapo ni wewe mwenye antena.