Reale saba za bibi na mizani ya shilingi 25,000

Mizani niliinunua Darajani, sokoni Unguja, ile ndogo ya mfukoni inayopima mpaka gramu 200 na kusoma hadi desimali mbili. Sikuwa na haja nayo mpaka siku nilipopeleka reale saba za marehemu bibi, sarafu za madini ya fedha, kwa mnunuzi mmoja wa fedha. Akazigeuzageuza, akacheka. "Zote zimeandikwa 1780. Nani kakwambia mtu anaweza kuwa na saba za mwaka mmoja? Hizi bandia, mwanangu." Ila moja, iliyong'aa kuliko wenzake, akasema hiyo angalau ina fedha, atanipa bei nzuri. Nyingine sita atazichukua kwa bei ya kutupa.

Nikazifunga kwenye leso yangu, nikarudi nyumbani.

Hizo ndizo wazee wakiziita reale ya Shamu, zenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Malkia huyo alifariki 1780, na mwaka huo ukabaki kwenye sarafu hata zilizopigwa baada yake: Vienna, Roma, London, Bombay, na Vienna wanazipiga hadi leo. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu walikuwa wakitaka sura ileile waliyoizoea, basi hakuna aliyethubutu kuibadilisha. Kwa hiyo 1780 haithibitishi kuwa reale ni ya kale, wala haithibitishi kuwa ni bandia.

Uzito ndio wenye maneno. Reale halali ina gramu 28.07, na fedha yake ni sehemu 833 katika 1,000. Tano zangu zilisoma kati ya 27.61 na 28.05; ile ya 27.61 imelika mpaka nywele za malkia hazionekani vizuri, sikuishangaa. Ya sita ilisoma 28.94 kwa sababu imechomelewa kipete cha kutilia mkufu. Ile inayong'aa, kipenzi cha mnunuzi wetu, ikasoma 26.14.

Hapo ndipo mizani ilipoanza kunisumbua. Pangaboi likizunguka, namba hazitulii. Nililizima nikatokwa jasho. Kisha nilitaka kupima kwa maji, nikaweka bilauri ya kioo, ikagoma: imezidi gramu 200. Nikatumia kikombe cha plastiki. Unatia maji nusu, unairudisha mizani kwenye sifuri, halafu unaining'iniza reale kwa uzi mpaka izame yote bila kugusa chini wala ubavuni. Namba inayotokea ndiyo ujazo wake. Ukigawa uzito kwa ujazo huo, fedha ya 833 inatoa kama 10.2. Ya kwanza ilikuwa 28.05 kwa 2.75, sawasawa kabisa. Inayong'aa ilitoa 26.14 kwa 2.99, yaani 8.7. Hiyo ni shaba na vitu vingine vilivyofanywa vyeupe. Nilirudia mara nne, mkono ukitetemeka kidogo, jibu halikubadilika.

Baada ya hapo ndipo macho yangu yalipoona. Ukingoni mwa reale halali pana maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyosimama vizuri, na bruchi ya begani ina lulu za kuhesabika moja moja. Kwenye ile ya 26.14 lulu zimeshikana kama uji, na maneno ya ukingoni yanapotea katikati.

Bei sasa. Kila reale halali ina kama gramu 23.4 za fedha tupu. Zidisha kwa bei ya gramu siku hiyo, hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia. Nyingi hazizidi sana hapo, maana zimepigwa kwa mamilioni. Yenye kipete iuze kwa fedha yake tu, mkusanyaji hataitaka. Ila ukikuta reale ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ya 1882, maandishi ya Kiarabu pande zote, usikubali kuuza kwa gramu, hizo hazionekani ovyo. Na usisugue kitu! Moja niliipitishia ndimu na majivu kabla sijajua, ikatoka nyeupe kama sufuria mpya, na thamani yake kwa wakusanyaji nimeiosha pamoja na uchafu.

Mizani naipa nyota nne. Nimeipunguzia moja kwa kuja bila jiwe la kuisahihishia. Ilibidi nimuombe sonara wa mtaani jiwe lake la gramu 100, na ilionyesha 99.97. Yeye pia alizisugua reale zangu kwenye jiwe lake jeusi akazitilia tindikali, akakubaliana na kikombe changu cha plastiki.

Mama nilipomwonyesha ile bandia alisema ndiyo bibi aliyokuwa akiivaa sikukuu. Nimemwachia yeye. Sita zimo kabatini, na yule mnunuzi ameshanipigia simu mara mbili.